Vidole Viwili Shingoni

SEHEMU YA SITA

Inchi ishirini na moja na nusu.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, wasomaji wangu, na najua wapo waliolala vibaya. Karani wa halmashauri amesimama uwanjani na daftari lake, amesoma namba hiyo kwa sauti ya mtu anayetangaza matokeo ya mtihani. Fundi yuko chini, magoti mavumbini, tepu ingali mkononi. Mbwa aliyepimwa ni Mstaafu. Mwenye mbwa ni mama mkwe wa Fundi. Aliyepima na kuandika namba ni Fundi mwenyewe.

Kwa wale walioliokota gazeti hili leo kwa ajili ya kufungia viatu, niwasaidie kwa ufupi. Wiki tatu zilizopita msoma mita wa maji aling'atwa mguu. Alisema ameng'atwa na mbwa mkubwa, mweusi, wa ile aina ambayo watu huiita Bondia kwa sababu ya taya zake. Halmashauri ikakaa siku moja, ikapiga marufuku Mabondia wote, wakapeana mikono na kunywa soda. Kesho yake ndipo mtu mmoja akauliza Bondia anafananaje. Hakuna aliyejua.

Mwenyekiti wa Kamati ya Mbwa, mtu asiyekosa jawabu hata swali likikosekana, akaamua kwamba Bondia ni mbwa yeyote mwenye shingo ya inchi ishirini au zaidi. Kwa nini ishirini? Shingo ya Mwenyekiti ni kumi na tisa. Kwa hesabu zake, kiumbe chochote kinachomzidi shingo ni hatari kwa jamii.

Na nani apime? Ofisi haikuwa na kipimo wala mpimaji. Ilikuwa na Fundi, mke wa dereva wa lori, mwanamke anayeshona sare za halmashauri nzima, ambaye kwa miaka kumi na minne hajarudishiwa nguo hata moja. Akaitwa, akaja. Asubuhi moja alipima mbwa thelathini na wawili, na kumi na mmoja wakazidi. Wa kumi na mmoja alikuwa Mstaafu.

Hebu niwaeleze mnyama huyu wa kutisha. Ana miaka kumi na miwili. Ana meno manne, na mawili kati ya hayo hayajawahi kukutana. Akisikia ngurumo huingia chini ya kitanda, na akitoka huomba radhi kwa mkia. Shingo yake ni nene kwa sababu Mama Mkwe humpakulia yeye kwanza, binadamu baadaye. Mweusi ni mweusi kweli, na kwa kosa hilo hana utetezi.

Bwana Sindano, yule wa idara ya afya mwenye glavu za mpira na sindano ya kuua mbwa, akachovya brashi kwenye kopo na kumpaka Mstaafu mstari mwekundu mgongoni. Mstaafu akadhani anakunwa, akafumba macho kwa raha.

"Kesho saa nane mchana," Bwana Sindano akasema. "Mwenye rufaa aende kwenye kamati saa tatu asubuhi. Ila mimi msiniletee barua. Mimi sisomi barua, nasoma rangi."

Yawekeni maneno hayo mfukoni, tutayahitaji.

Fundi akainua macho. Mama Mkwe alikuwa amesimama palepale, mnyororo umezungushwa mara mbili kwenye kiganja kama anavyoushika siku zote. Tangu baba mkwe alipofariki na kumwachia mbwa huyu, miaka tisa sasa, mwanamke huyu hajawahi kumtoa mbwa nje bila mnyororo, na hajawahi kuuachia mnyororo akiwa nje. Majirani wana mbwa wanaozurura hadi sokoni na kurudi na mifupa ya watu wengine. Yeye hufunga geti, huenda hatua kumi, hurudi kulijaribu tena.

Fundi alitegemea matusi. Angeyapokea kwa mikono miwili. Mama Mkwe alimtazama tu, akauliza kwa upole, "Ni wewe uliyeandika, mwanangu?"

"Ni mimi, Mama."

"Basi sawa," akasema, akamvuta mbwa wake wakaenda.

Wenye wakwe mnaijua hiyo "basi sawa". Haina dawa hospitali yoyote.

*

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kiwanda cha Fundi. Kuna cherehani ya kukanyaga, pasi, meza ya kukatia, na ukuta uliojaa misumari ya kutundikia nguo za watu. Akiwa hapo mchana ule alisikia maji uani. Mama Mkwe alikuwa anamsugua Mstaafu. Alianza na sabuni ya kufulia, akaja na mafuta ya taa, akamalizia na limau. Rangi ya halmashauri, ile inayobanduka kwenye kuta za ofisi kabla haijakauka, mgongoni mwa mbwa ilishika barabara.

Fundi alitoka akasema atasaidia kusugua. Hakujibiwa. Akauliza kama Mama atakula kitu. Hakujibiwa. Mume wake alipiga simu kutoka safarini, akaelezwa mambo yalivyo, mara akawa hasikii vizuri, mtandao unasumbua, simu ikakatika. Mitandao ya waume hukatika kwa ratiba, nimeliona hilo mara nyingi.

Niseme ukweli, Fundi hakuwahi kumpenda mbwa yule. Manyoya yake yalishika kwenye vitambaa vya wateja, na harufu yake ikinyeshewa mvua ilikuwa mgeni mwingine ndani ya nyumba. Mara ngapi aliomba kimoyomoyo aondoke? Sasa anaondoka, na karatasi ya kumwondoa ina mwandiko wake. Ilimuuma kuliko alivyotegemea. Alijua kwamba kesho mbwa akifa, nyumba ile itabaki na wanawake wawili wasiosemezana, kila mmoja na sufuria yake, mpaka mmoja wao azikwe.

Saa kumi alasiri hodi ikapigwa. Alikuwa Msoma Mita mwenyewe, majeruhi wetu mashuhuri. Alileta suruali ya sare iliyochanika siku ile ili itiwe kiraka, na alitaka kupimwa shati jipya. Hakukosa muda wa kusimulia tena alivyopambana. Wiki ya kwanza mbwa alikuwa kama ndama. Wiki hii alishakuwa fahali, na macho yalikuwa yanawaka.

Fundi akaitandaza suruali mezani. Wapo wanaosoma vitabu na wapo wanaosoma viganja. Yeye husoma nguo. Tundu lilikuwa juu ya pindo kwa vidole vitatu tu, tena dogo kiasi cha kuzibwa na sarafu moja. Na kwenye uzi uliofumuka palinasa manyoya mawili, meupe, yaliyojikunja.

Mtaa mzima una mbwa mmoja tu mweupe mwenye manyoya ya kujikunja. Anaitwa Pamba. Hubebwa kwapani, hufungwa utepe shingoni, na anayembeba ni Mwenyekiti wa Kamati ya Mbwa.

Fundi akasema polepole kwamba mbwa aliyeng'ata hapa alikuwa na kimo cha birika. Msoma Mita akakohoa, akatazama mlango, akasema mbwa mkubwa naye anaweza kuinama.

"Kaka," Fundi akamwambia, "kesho mbwa wa watu anauawa."

Msoma Mita akaketi kwenye kiti cha wateja, akajishika kichwa, na yote yakamtoka. Ndiyo, ni Pamba. Geti la Mwenyekiti lilikuwa wazi, kama lilivyo wazi kila siku, kwa kuwa Mwenyekiti akishapanda gari haoni sababu ya kushuka kulifunga. Yeye, Msoma Mita, alipiga kelele kuzidi kipimo cha mbwa, watu wakaja mbio, wakauliza ni mbwa gani.

"Ningesema nini, dada yangu?" akauliza. "Nina miaka arobaini na moja. Niwaambie wenzangu kazini kwamba nimeangushwa na kitu kinachovaa utepe?"

Mmesikia wenyewe. Sheria nzima imetungwa, mbwa kumi na mmoja wamepakwa rangi, ili mwanamume mmoja asichekwe wakati wa chai. Halafu mimi nikiandika kwa hasira mnaniletea barua niwe na staha.

Fundi alimsihi aje kesho mbele ya kamati. Akakataa katakata. Ana mita za kusoma, na mwajiri wake ni nani kama si halmashauri hiyohiyo? Suruali ataiacha hapa, na akiulizwa, yeye hana habari nayo. Apimwe shati aondoke zake.

Fundi akampima, maana mikono ya fundi haingoji moyo utulie. Kifua, bega, mkono. Akazungusha tepu shingoni, akapenyeza vidole viwili kati ya tepu na ngozi, akasoma, akaandika kumi na saba. Msoma Mita akachungulia, akasema shingo yake ni kumi na tano tangu ujana.

"Najua," Fundi akasema. "Hizo mbili ni za kupumulia."

Akavitazama vidole vyake vilivyokuwa bado vimo ndani ya tepu, cha shahada na cha kati. Alifundishwa hivyo akiwa binti, na fundi mzee aliyempiga rula mkononi kila alipovisahau. Usipime shingo, mzee alikuwa akimwambia, pima pumzi. Tangu siku hizo Fundi hajawahi kupima shingo ya kiumbe bila vidole viwili, na hawazi tena kama anavitia, ni kama mtu anavyofumba jicho vumbi likija.

Hakuwaza hata leo asubuhi. Shingo thelathini na mbili za mbwa, na kwenye kila moja alivipenyeza vidole vyake kwa upole kabisa, ili kola zisiwabane. Ukitoa inchi mbili, Mstaafu ni kumi na tisa na nusu.

Alifurahi, kisha akauona na upande wa pili. Ili mbwa apone, lazima asimame mbele ya ofisi anayoishonea aseme kwamba yeye, asiyerudishiwa nguo, ameshindwa kupima shingo. Wangecheka mpaka mtaa wa tatu. Nani angemletea kitambaa tena? Na akinyamaza, hakuna mtu duniani atakayejua.

Msoma Mita alipoondoka, Fundi alikwenda uani, akakuta Mama Mkwe amekaa kwenye kigoda, anamlisha Mstaafu kwa mkono, tonge moja moja, kutoka kwenye sahani yake mwenyewe. Fundi hakumwambia. Akarudi ndani, akakunja ile suruali na daftari lake la wateja, akavitia kwenye mfuko mmoja.

*

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Chumba cha mikutano kina meza ndefu, jagi la maji lisilo na maji, na tangazo mlangoni kwamba mbwa hawaruhusiwi. Mwenyekiti ameketi kichwani mwa meza, na Pamba yuko chini ya kiti chake, ametandikiwa taulo. Karani alimwonyesha Mama Mkwe tangazo. Mama Mkwe akalitazama, akaitazama taulo, akaingia na Mstaafu na kukaa benchi la nyuma karibu na mlango. Mstaafu alilala kabla kikao hakijafunguliwa.

Karani alikuwa amevaa mabuti ya mvua. Ni kiangazi, jua la kupasua mawe, naye mabuti hadi magotini, kila siku ya kazi, mwaka mzima sasa. Wenzake husema ana sugu mbaya za miguu. Yeye hajawahi kukubali wala kukataa.

Mjadala ulikuwa wa hali ya juu. Mjumbe wa kwanza alisema Bondia huzaliwa na uuaji damuni, ameona kwenye sinema. Wa pili alitaka ipigwe marufuku rangi nyeusi moja kwa moja, watu waache kusumbuka na tepu. Wa tatu aliuliza kama sheria inawahusu na mbuzi. Wa nne alikuwa amelala, na kwa maoni yangu ndiye aliyechangia vizuri kuliko wote.

Mama Mkwe akaomba nafasi. Alisimama, mnyororo mkononi.

"Mimi sikusoma," akasema. "Lakini sijaona mbwa anayejifungulia geti. Mbwa akiwa barabarani, kuna mtu aliyemwacha atoke. Mtafuteni mtu huyo, mkampime shingo yeye."

Mwenyekiti akamshukuru kwa mchango mzuri, akasema utazingatiwa, na nyote mnajua kuzingatiwa maana yake nini. Akauliza kama kuna ushahidi mpya au tufunge.

Fundi akapiga moyo konde akasimama. Akasema yote, kuanzia rula ya fundi mzee hadi shingo ya mwisho, na kwamba kosa ni lake peke yake. Wajumbe wakatazamana, kisha wakaangua kicheko, na yule wa nne akaamka ili asipitwe. Mwenyekiti alifurahi kweli. Akauliza kwa sauti tamu kama ndiyo kusema ofisi hii imekuwa ikivishwa kwa kubahatisha.

Fundi alifungua daftari lake la wateja, akalisogeza mbele ya Karani, akamwomba asome ukurasa wa Mwenyekiti. Karani akasoma: shingo, inchi ishirini na moja.

Mjumbe wa tatu, yule wa mbuzi, akahesabu kidogo, akauliza kwa nia njema kabisa kama basi Mwenyekiti naye anatakiwa kupakwa rangi. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mpime upya huyo mbwa," Mwenyekiti akasema. "Bila vidole."

Mstaafu akapimwa palepale sakafuni, Karani ameinama anasoma kwa macho yake. Mbwa hakuamka. Kumi na tisa na nusu. Fundi akamgeukia Mama Mkwe, na kwa mara ya kwanza tangu jana macho yao yakakutana.

Mwenyekiti akaegemea kiti. "Karani, katika halmashauri hii nusu tunaiandikaje?"

Karani akainamisha kichwa, akasema kwa utaratibu nusu huandikwa nzima.

"Kwa hiyo ni ngapi?"

"Ishirini, Mheshimiwa."

"Saa nane mchana, basi. Tuendelee na mengineyo."

Sheria ni msumeno, tuliambiwa shuleni, hukata mbele na nyuma. Hakuna mwalimu aliyetuambia kwamba kuna watu hukaa upande wa mpini maisha yao yote.

Mama Mkwe hakulia. Alichukua ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akampangusa Mstaafu tongotongo, jicho moja, halafu jingine, polepole, kana kwamba wana mwaka mzima mbele yao. Hilo ndilo lililomshinda Fundi. Aliingiza mkono kwenye mfuko, akaibwaga ile suruali juu ya ajenda.

Akasema hiyo ndiyo suruali iliyong'atwa, tundu hilo, manyoya hayo, na aliyeng'ata yumo humu ndani, amelala kwenye taulo. Mwenyekiti akasema hata mto una manyoya. Isitoshe sheria inahusu Mabondia, si wanyama wenye adabu. Hapo Karani akakohoa. Bila kuombwa, bila kuinua macho, akasoma kifungu cha nne: mbwa wa aina yoyote akimng'ata mtu, mwenye mbwa ndiye atakayejibu. Kifungu hicho kilinakiliwa kutoka kwenye sheria ya zamani, na wajumbe walikipitisha kwa sababu hakuna aliyekisoma.

"Basi tupime mdomo," Fundi akasema.

Akavuta tepu, akapiga magoti mbele ya kiti cha Mwenyekiti, akanyoosha mkono kuelekea kwenye taulo. Na kwa mazoea yale ya tangu ubinti, vidole viwili vikatangulia.

Pamba aliving'ata vyote viwili. Hakubweka wala hakuonya. Alivikamata, na Fundi alipoinuka aliinuka naye, mweupe, mzuri, utepe shingoni, ananing'inia huku damu ikidondoka kwenye taulo. Wajumbe wanne walipanda juu ya viti. Mwenyekiti alimbandua mbwa wake taratibu, akamkumbatia, akamuuliza kama ameumia.

Kisha akanyoosha tai. "Karani, andika. Mbwa aitwaye Mstaafu amemng'ata mtu mbele ya kamati. Wote mmeona."

Wajumbe wakatazama dari. Dari ya halmashauri ina mambo mengi ya kutazama, hasa penye maswali.

Mama Mkwe ndiye aliyemfikia Fundi kabla ya mwingine yeyote. Alivua kitambaa cha kichwa, nywele zake nyeupe zikabaki wazi, akakizungusha kwenye vile vidole, akakaza, akafunga, akakaza tena.

"Tulia, mwanangu," akasema. "Inua mkono juu. Nipo hapa."

Fundi aliyavumilia yote tangu jana, kicheko cha wajumbe na uso wa Mwenyekiti. Sasa alilia wazi mbele ya watu. Vidole vilikuwa vya moto tu, maumivu hayajafika. Alilia kwa sababu ameitwa mwanangu tena.

Karani hakuandika. Aliweka kalamu chini, akainama, akavua buti la kushoto, akavua la kulia, kisha akakaa na kuipandisha miguu yake yote miwili juu ya meza. Kuanzia vifundoni hadi ugokoni makovu yalipangana safu kwa safu, madogo madogo, ya zamani na ya juzi. Ulikuwa mwaka mzima wa kumpelekea Mwenyekiti barua za kutia saini.

Karani akashusha miguu, akafungua ukurasa mpya, akaandika huku akitamka kila neno. Jina la mbwa, Pamba. Mwenye mbwa, Mwenyekiti. Mahali, chini ya kiti chake. Alipofika kwenye safu ya shingo alimgeukia Fundi.

"Na vidole, au bila vidole?"

"Bila," Fundi akasema. "Vidole ameshavichukua."

Wajumbe ni watu wazima, upepo ukigeuka wanajua. Walishuka kwenye viti, wakapiga kura, mikono minne juu kwa mpigo. Hukumu ya mbwa wote kumi na mmoja isitishwe mpaka wapimwe upya, na Mwenyekiti aitwe Jumatatu kujibu kifungu cha nne. Barua ikaandikwa, ikasainiwa, ikapigwa mhuri. Mwenyekiti alikuwa amekaa na Pamba mapajani, na kola yake, ile yenye inchi mbili za kupumulia, ilionekana inambana. Ilikuwa saa tano na robo.

Mama Mkwe aliipokea barua kwa mikono miwili. Akaibusu. Akageuka kumwita mbwa wake.

Miaka tisa hakuuachia ule mnyororo. Lakini binadamu kapewa mikono miwili tu, na vidole vinavyovuja damu vinahitaji yote miwili.

Benchi la nyuma lilikuwa tupu, na mlango ulikuwa wazi.

Karani alikimbilia dirishani pekupeku. Kule ng'ambo ya uwanja kuna chumba kimoja chenye bati jipya, ndimo mbwa wanamouawa, na Bwana Sindano, ambaye siku ya Ijumaa hupenda kuwahi nyumbani, alikuwa anaufunga mlango wake kwa ndani. Kutoka hapo dirishani waliona kipande cha mnyororo kimebaki nje, chini ya mlango, kinavutwa ndani pete kwa pete.

Fundi alifungua mdomo apige ukelele. Mama Mkwe alikuwa ameshatoka, nywele wazi, viatu kaviacha njiani, anaukata uwanja na barua mkononi kumpelekea mtu asiyesoma barua.